Chumvi Iliyomo Ndani ya Ndoo: Maji ya Bahari Yapandapo Mtoni Wakati wa Ukame, na Afya ya Wayanywao

Mwezi Februari 2022, baada ya mvua za vuli kukosekana, nilikuwa miongoni mwa madaktari waliokwenda kuhudumu kwa juma moja katika zahanati iliyo kando ya mto Pangani, mwendo si mrefu kutoka mahali mto huo unapoingia baharini. Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni figo na shinikizo la damu. Siku ya pili mkunga wa zahanati aliniomba nimtazame mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Miguu yake ilikuwa imevimba, mkojo ulikuwa na protini, na shinikizo lake lilikuwa 152 kwa 98. Kadi yake ya kliniki ilionyesha 118 kwa 76 mwezi Novemba. Mimba yake ya kwanza ilipita bila tatizo lolote.

Nilimweleza kwamba inabidi apelekwe hospitali siku ileile. Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, nikaongeza: "Na chumvi, mama, uipunguze."

Akamtazama mkunga, naye mkunga akainamisha uso kuficha tabasamu. "Daktari," yule mama akasema, "chumvi mimi siitii tena. Tangu mwezi wa kumi na mbili wali wetu tunaupika hivihivi. Maji yenyewe yana munyu."

Nilikuwa nimekunywa chai ya zahanati ile kwa siku mbili. Nilihisi ladha isiyo ya kawaida, nikadhani ni birika, nikaongeza sukari. Maji yangu ya kunywa nilikuja nayo kwenye chupa kutoka mjini. Kwa hiyo nilikuwa nimeketi katikati ya jambo lenyewe pasipo kuliona, na mgonjwa ndiye aliyenifundisha. Makala haya yametokana na somo hilo. Ningependa msomaji, awe mhudumu wa afya, mwalimu au mkazi wa kando ya mto, aelewe kwa nini bahari hupanda mtoni wakati wa ukame, chumvi hiyo ni kiasi gani hasa, inaufanyia nini mwili, na lipi linawezekana kufanywa kwa vitu vilivyopo.

Mto na bahari vinapovutana

Katika mlango wa mto kuna mvutano usiokoma. Mto husukuma maji baridi, kama watu wa pwani waitavyo maji yasiyo na chumvi, kuelekea baharini. Bahari nayo husukuma maji yake kuelekea bara mara mbili kila siku maji yajaapo, na kwa nguvu zaidi wakati wa bamvua kuliko wakati wa maji mafu. Mto ukiwa umejaa baada ya masika, bahari hushindwa karibu na mlango wenyewe. Mto ukipungua, bahari hupanda.

Maji haya mawili pia hayana uzito mmoja. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa kilo 1000. Ya maji ya bahari ina kilo 1025 hivi. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya maji ya bahari yapite chini, yakitambaa juu ya sakafu ya mto kama kabari, huku maji baridi yakiendelea kuteleza juu yake kwenda baharini. Ndiyo maana mtu anaweza kuteka juu maji yanayonyweka, na mwenzake aliyezamisha ndoo pale pale akapata maji ya chumvi. Katika mito yetu, ambako tofauti ya kujaa na kupwa ni mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, kabari hiyo mara nyingi huvurugwa, maji yakachanganyika toka juu hadi chini. Lakini hata yakichanganyika, upande wa chumvi huzidi kusogea bara kadiri mto unavyopungua.

Pangani ni mfano mzuri kwa sababu mto huu hufika pwani ukiwa umekwisha kufanya kazi nyingi. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, hupita kwenye mifongo ya Wachaga na mashamba ya umwagiliaji ya uwanda wa Moshi, hukusanywa katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, kisha hushuka kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani. Watu wa chini ya mto hupenda kulaumu mabwawa. Lawama hiyo si ya haki kabisa. Mtambo wa umeme hauli maji. Huyachelewesha na kuyarudisha, na pengine hata huusaidia mto usikauke kiangazi, ingawa jua huchukua sehemu yake juu ya bwawa pana kama lile. Kinachoyala maji kwa hakika ni mashamba, na mashamba yanatulisha sote. Ila mwisho wa hesabu, lita isiyofika Pangani mjini katika mwezi wa kaskazi ni lita ambayo nafasi yake huchukuliwa na bahari.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Kwenye delta ya mto Tana nchini Kenya, wakazi wa Ozi na vijiji vya jirani na Kipini wameona mashamba ya mpunga na miembe vikidhurika kwa maji ya chumvi yapandayo mtoni. Nchini Vietnam, ukame wa mwaka 2016 na ule wa 2020 uliingiza chumvi ndani kabisa ya delta ya Mekong, na mwezi Machi 2020 mikoa mitano ikatangaza hali ya dharura. Nchini Marekani, mwaka 2023, mto Mississippi ulipungua kiasi kwamba kabari ya chumvi ikaanza kupanda kuelekea New Orleans. Jeshi la wahandisi lilijenga tuta chini ya maji, juu ya sakafu ya mto, kuizuia. Mwezi Septemba chumvi ikalipita tuta hilo kwa juu, likabidi liongezwe kimo. Wakati huohuo, wakazi wa wilaya ya Plaquemines, karibu na mlango wa mto, walikuwa wakigawiwa maji ya chupa. Nautaja mfano huu kwa makusudi, maana wapo wanaodhani maji ya chumvi bombani ni shida ya nchi maskini.

Visima navyo havipo nje ya mvutano huu. Ardhini pwani, maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mchangani. Kwa sababu ya ile tofauti ndogo ya uzito, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia chini yake kina cha mita 40 hivi za maji baridi. Hesabu hiyo ina upande wa pili wenye uchungu: ukivuta maji kisimani hadi usawa wake ukashuka kwa mita moja tu, mpaka wa chumvi chini huweza kupanda mita 40. Pampu yenye nguvu kwenye kisima kirefu karibu na bahari huweza kukiharibu kisima cha jirani aliyekuwa anateka kwa kamba tangu enzi za babu yake.

Lita moja ndani ya ndoo

Tuingie kwenye hesabu, kwa maana bila hesabu jambo hili hubaki kuwa malalamiko ya ladha. Chumvi inayotuhusu zaidi kitabibu ni sodiamu iliyomo ndani yake. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina zote, na ndani yake sodiamu ni karibu gramu 10.8.

Chukua ndoo ya lita 20. Iwe na maji safi ya mto, na ndani yake wingi wa kikombe kikubwa, mililita 400, uwe ni maji ya bahari. Hiyo ni asilimia 2 tu. Sodiamu katika ndoo hiyo itakuwa miligramu 216 kwa kila lita. Hapo ndipo ulimi wa mtu wa kawaida unapoanza kuhisi, kwa kuwa kipimo cha ladha kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 200 hivi. Shirika hilo halijaweka kikomo cha kiafya cha sodiamu ndani ya maji ya kunywa. Limeweka cha ladha, na kikomo cha jumla ya sodiamu anayopata mtu mzima kwa siku kutoka vyanzo vyote: isizidi gramu 2, yaani gramu 5 za chumvi ya mezani, kijiko kimoja cha chai.

Sasa maji ya bahari katika ndoo hiyo yafanye lita moja. Sodiamu inakuwa miligramu 540 kwa lita. Mtu anayekunywa na kupikiwa kwa lita tatu za maji hayo kwa siku, na katika joto la kaskazi lita tatu si nyingi, amekwisha kupata gramu 1.6 za sodiamu kabla hajagusa dagaa, mkate wala kachumbari. Hiyo ni sawa na gramu 4 za chumvi. Kijiko chake cha siku kimebaki na punje chache.

Na ulimi hausaidii sana. Huzoea. Kijana aliyekulia kando ya mto atakwambia maji ni mazuri, na mgeni akayatema. Mama wa nyumbani hutambua mapema zaidi kwa ishara nyingine: sabuni haitoi povu, na maharage hayalainiki hata kuni ziishe. Ishara hizo mbili hutokana hasa na kalisi na magnesi zilizomo katika maji ya bahari, wala si sodiamu yenyewe, lakini zinapotokea katika mto ambao masika hauna tabia hiyo, ni taarifa ya kuaminika kwamba bahari imefika. Ninawaambia wanafunzi wangu kwamba swali la maharage lina thamani kliniki.

Yatokeayo mwilini

Figo za mtu mzima mwenye afya zina uwezo mkubwa wa kuitoa sodiamu, ila huitoa kwa muda na kwa gharama. Sodiamu inapozidi katika damu huvuta maji, ujazo wa damu huongezeka, na baadhi ya watu, ambao kwa lugha ya kitabibu tunasema ni wepesi wa kuathiriwa na chumvi, hubaki na shinikizo la juu ili figo zao ziweze kuisukuma nje. Watu wa asili ya Kiafrika, wazee, na wenye figo zilizokwisha kudhoofika wamo kwa wingi katika kundi hili. Kadiri miaka inavyokwenda mishipa hukakamaa, na kile kilichokuwa marekebisho ya muda huwa ugonjwa wa kudumu.

Nchi iliyotufundisha mengi kuhusu maji ya mto yenye chumvi ni Bangladesh. Huko, wilayani Khulna, katika eneo la Dacope, mito ya delta hupoteza nguvu kiangazi. Miongoni mwa sababu ni boma la Farakka lililoanza kuyageuza maji ya Ganges upande wa India mwaka 1975. Nyingine ni mabwawa ya kamba yanayojazwa maji ya chumvi kwa makusudi. Daktari Aneire Khan na wenzake waliwafuatilia wajawazito wa huko kati ya mwaka 2008 na 2010. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba shinikizo la juu la mimba hospitalini lilikuwa asilimia 12.2 katika kiangazi na asilimia 5.1 katika majira ya mvua. Mwaka 2014 walitoa utafiti wa pili, uliolinganisha wanawake 202 wenye shinikizo la mimba au kifafa cha mimba na wengine zaidi ya 1000 wasio na matatizo hayo. Wastani wa sodiamu katika maji yao ulikuwa miligramu 517 kwa lita, takriban ile ndoo yetu yenye lita moja ya bahari. Wakilinganishwa na waliokunywa maji yenye chini ya miligramu 300, uwezekano wa kupata tatizo ulikuwa mara 3.3 kwa waliokunywa kati ya 300 na 600, mara 4.4 kwa kati ya 600 na 900, na mara 5.5 kwa waliozidi 900. Ngazi ya namna hiyo, ambapo madhara hupanda pamoja na kipimo, humfanya mtafiti akae wima kitini.

Utafiti mwingine wa huko, uliochapishwa mwaka 2017 na Pauline Scheelbeek na wenzake, uliwafuatilia watu wazima waliobadilisha vyanzo vya maji. Kila miligramu 100 za sodiamu zilizopungua katika lita ya maji ziliambatana na kushuka kwa shinikizo kwa milimita 0.95 juu na 0.57 chini. Kwa mtu mmoja hicho ni kiasi kidogo. Lakini mtu anayehama kutoka maji ya miligramu 900 kwenda maji ya mvua hupata nafuu inayokaribia ile ya kidonge kimoja, tena bila kununua kidonge.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila kitu kimekwisha kuthibitika. Watafiti wengine katika pwani hiyohiyo waligundua kwamba maji yenye chumvi ya wastani yaliambatana na shinikizo la chini kidogo, pengine kwa sababu kalisi na magnesi zilizomo ndani yake hupunguza makali ya sodiamu. Na jaribio la kuwapa wanavijiji maji yaliyohifadhiwa ardhini kwa kuingiza maji ya mvua na ya mabwawa ndani ya miamba halikushusha shinikizo kama ilivyotarajiwa. Kwa maoni yangu, hoja hizi hazifuti hatari ya maji yenye chumvi nyingi. Zinatuonya tusimwambie mtu yeyote kwamba ugonjwa wake umetokana na mto. Sikumwambia hivyo yule mama wa Pangani, na hadi leo siwezi kusema hivyo. Alipata dawa za kushusha shinikizo hospitalini, akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati kidogo, wote wazima.

Kuna jambo lililoniaibisha zaidi nilipolitafakari baadaye. Ushauri nilioutoa ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza nimeieleza: sikuuliza maji. Ya pili ni kwamba Shirika la Afya Duniani halipendekezi kabisa kumpunguzia mjamzito chumvi ya chakula kwa lengo la kuzuia kifafa cha mimba, kwa kuwa majaribio hayakuonyesha faida. Je, hilo halipingani na Dacope? Sioni hivyo. Majaribio yale yalihusu wanawake wanaokula chumvi ya kawaida na kunywa maji safi, si wanawake ambao maji peke yake huwapa sodiamu ya siku nzima. Yanayopendekezwa kuzuia tatizo hili ni mengine: vidonge vya kalisi, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, pale ambapo chakula kina kalisi haba, na aspirini ya kiasi kidogo, miligramu 75, kwa walio katika hatari kubwa, kwa maelekezo ya kliniki.

Walio katika hatari nyingine

Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama yuko salama kuliko wote ndani ya nyumba, kwani mwili wa mama humchujia. Aliye hatarini ni yule anayetengenezewa maziwa ya kopo au uji kwa maji ya mto, maana figo zake bado haziwezi kuitoa chumvi kwa kasi. Na hatari huongezeka anapoharisha. Pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini, ORS, imepimwa ili ikiyeyushwa katika lita moja ya maji safi itoe sodiamu ya milimoli 75. Ikiyeyushwa katika maji ya ile ndoo yetu yenye miligramu 540, sodiamu hupanda hadi karibu milimoli 98. Fomula ya zamani yenye milimoli 90 iliachwa mwaka 2002 ili ipatikane iliyo nyepesi. Maji ya mto yanaturudisha kule na kupitiliza. Tusimnyime mtoto dawa hiyo kwa sababu hii, kwani ukosefu wa maji mwilini huua upesi zaidi. Bali iyeyushwe kwa maji yasiyo na chumvi kila yanapopatikana, hata kama ni ya dukani. Na wazazi waache ile desturi ya kutia chumvi na sukari kwa makisio katika maji ya aina hii.

Kundi la pili ni wagonjwa wa shinikizo, figo na moyo waliokwisha kuwa katika tiba. Nimewahi kuona mgonjwa akiongezewa dawa ya pili, kisha ya tatu, kila kiangazi, na dawa hizo zikionekana kuwa kali mno ifikapo masika. Hakuna aliyejiuliza kilichobadilika, nami nilikuwa mmoja wao.

Maji ya chumvi huleta na mambo yasiyo ya sodiamu. Yanakula mabomba, huko New Orleans hofu kubwa ilikuwa risasi iliyomo katika mabomba ya zamani kuyeyuka na kuingia majini. Vijidudu vya kipindupindu ni wakazi wa asili wa maji ya milango ya mito, yenye chumvi ya wastani, na hustawi humo vikishikamana na viumbe wadogo waeleao majini. Hata malaria ina mwakilishi wake: katika pwani ya Afrika Mashariki yupo mbu Anopheles merus, ambaye huzaliana katika madimbwi yenye chumvi ambayo ndugu zake hawayawezi.

Yasiyofaa na yanayofaa

Nianze na yasiyofaa, kwa kuwa ndiyo yanayofanywa zaidi. Kuchemsha maji huua vijidudu, ila hakuondoi chumvi. Mvuke ukitoka, chumvi hubaki, na maji yaliyobaki sufuriani huwa na chumvi kali zaidi kuliko mwanzo. Vidonge vya klorini haviondoi chumvi. Mbegu za mlonge husafisha tope, haziondoi chumvi. Kitambaa, mchanga na makaa, vivyo hivyo. Mama aliyefundishwa vizuri na kampeni zetu za kipindupindu, anayechemsha maji yake kwa uaminifu kila jioni, anaweza kuwa anawapa watoto wake chumvi nyingi kuliko jirani asiyechemsha. Hatumwambii aache kuchemsha. Tunamwambia atafute maji mengine ya kuchemsha.

Mahali ambapo mto ni lazima, saa ya kuteka ina maana. Maji ya mto huwa na chumvi kidogo zaidi mwisho wa kupwa, kabla bahari haijageuka kujaa. Katika pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku, kisha hukawia kwa takriban dakika 50 kila siku ipitayo. Wavuvi wanayajua haya bila saa. Tatizo ni kwamba wanaoteka maji si wao, na wanawake huteka alfajiri kwa sababu ya shughuli za siku, wakati ambao bamvuani ndipo maji yamejaa. Ndoo isizamishwe, maji yatekwe kwa juu kwa kata. Na yatekwe mahali penye ulinzi: Pangani ina mamba, na sitaki ushauri wangu kuhusu saa za kupwa umpeleke mtu kusimama matopeni peke yake.

Maji ya mvua ndiyo tiba bora kwa kaya ya kawaida. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 40 likipata milimita 100, mvua ambayo masika ya pwani huleta bila taabu, hutoa lita 4000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 3200. Kaya ya watu sita ikitumia lita tano kwa kila mtu kwa kunywa na kupikia tu, hutumia lita 30 kwa siku, yaani lita 3000 kwa siku 100 za kiangazi. Tangi moja la lita 3000 lingeivusha kaya hiyo, mradi maji yake yasitumike kuoga wala kufua, kazi ambazo maji ya mto yanaziweza hata sabuni ikigoma. Bei ya tangi ni kikwazo kikubwa, najua. Ndiyo maana napendekeza tangi la kwanza la kijiji liwekwe kwenye paa la zahanati au shule, na maji yake yagawiwe kwanza kwa wajawazito, wenye watoto wachanga wasionyonya, na wagonjwa wa shinikizo na figo, dumu moja moja, kwa orodha. Maji yaliyokaa tangini nayo yatibiwe kwa klorini. Hapo ndipo kidonge kinapofanya kazi yake halali.

Kwa wahudumu wenzangu, ninaomba swali moja liongezwe katika mahojiano ya kliniki kuanzia mwezi wa tano wa kiangazi au mapema zaidi mvua zikikosekana: "Maji ya kunywa mnateka wapi siku hizi, na yana ladha gani?" Jibu liandikwe kwenye kadi, pembeni ya shinikizo. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba lisisubiri kiangazi kiishe. Na mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yanayofifia, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, au uso na mikono iliyovimba ghafla, apelekwe hospitali hapohapo, maji yake yawe ya mto au ya chupa. Huko magnesiamu salfeti inaokoa maisha, nayo ni dawa ya bei nafuu.

Kipimo cha upitishaji umeme wa maji, kifaa kidogo kama kalamu, hutoa jibu kwa sekunde chache, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji baridi. Nilimpelekea mkunga yule kimoja mwaka uliofuata. Hutumbukiza kifaa hicho kila Jumatatu, mwisho wa kupwa na mwisho wa kujaa, na kuandika tarakimu mbili kwa chokaa ubaoni mlangoni mwa zahanati. Wanawake husoma ubao huo wanapopita kwenda mtoni. Mwaka jana tarakimu zilipoanza kupanda mwezi Desemba, walihamia kisima cha msikiti wiki mbili kabla ya ulimi wa mtu yeyote kulalamika.